Ubao unaobeba nyumba ulale palipo na joto

Ubao wa tatu nilioubandua chini ya dirisha haukutoka mzima. Ulipukutika mkononi. Nilikuwa nimekusudia kubadilisha tu mbao za nje zilizochujuka rangi, kazi ya Jumamosi moja, kumbe nyuma yake ule ubao mpana unaofunga fremu ya nyumba umeshakuwa mweusi, umevimba kingo, na mahali pengine kidole kilizama bila kusukumwa. Shemeji yangu, ambaye ni seremala na alikuja kunishikia ngazi, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Shemeji, habari za mbao za nje zimekwisha. Sasa tuzungumze habari za ukuta."

Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza mafundi, nimelowesha vipande vya mbao kwenye ndoo na kuvipima kwa rula, yote kwa ajili ya swali moja: nyumba ya fremu ya mbao ivalishwe ubao gani? Zamani ubao huo ulikuwa na kazi moja, kuishika nyumba isiyumbe. Siku hizi, penye baridi, unatakiwa pia kuzuia joto lisitoroke, na watengenezaji wamekuja na kila aina ya ubao wa kazi mbili. Kila tangazo huanza na namba ya kuzuia joto. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba namba hiyo ni ya kuulizwa mwisho. La kwanza kuuliza ni hili: ubao unaobeba nyumba utalala upande wa joto au upande wa baridi?

Tuanze na mifupa. Ukuta wa fremu ni nguzo za mbao zilizosimama, kwa kawaida za milimita 38 kwa 89 au 38 kwa 140, kila moja ikiwa sentimita 40 au 60 kutoka kwa mwenzake. Fremu hiyo ikiwa tupu, isukume kwenye kona uone: italala upande kama ganda la kiberiti lililotolewa droo yake. Mafundi wa zamani walizuia hilo kwa kupigilia mkaza, yaani ubao wa mshazari wa kuikaza fremu isiyumbe. Baadaye ikaja plaiwudi, kisha ule ubao wa vipande vya mti vilivyogandishwa kwa gundi, unaojulikana kwa herufi OSB. Karatasi yake ni mita 1.2 kwa 2.4, unene wa milimita 11 hivi, na hupigwa misumari kila milimita 150 kwenye kingo na kila milimita 300 katikati. Misumari hiyo ndiyo inayougeuza mstatili unaoyumba kuwa kitu kimoja kigumu. Bunduki ya misumari ikiwekwa nguvu kupita kiasi, kichwa cha msumari hupasua ngozi ya ubao na kuzama ndani, na hapo ubao unakuwa umeshapoteza sehemu ya nguvu zake kabla upepo haujavuma. Nimeona ukuta mzima uliopigiliwa hivyo. Kwa mbali ulikuwa unapendeza.

Sasa joto. Watu hujaza pamba ya fiberglasi katikati ya nguzo wakadhani wamemaliza, lakini nguzo zenyewe ni njia. Mbao laini hupitisha joto kiasi cha wati 0.12 kwa mita kwa kila nyuzi, na fiberglasi karibu 0.04, maana yake mbao hupitisha mara tatu. Ukihesabu nguzo, vizingiti, kona na mbao za juu na chini, robo ya ukuta inaweza kuwa mbao tupu. Nilipiga hesabu ya ukuta wangu wa nguzo za milimita 89. Kama usingekuwa na mbao, ungepitisha wati 0.37 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Ukiziweka mbao, zinakuwa 0.50. Na ukiongeza juu yake povu gumu la milimita 25 tu, lililotandazwa bila kukatizwa na nguzo yoyote, zinashuka hadi 0.34. Theluthi moja ya joto lililokuwa linapotea inabaki ndani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wote wanahangaika na koti la nje: povu la unene wa kidole gumba, likiendelea mfululizo, linafanya kazi ambayo pamba iliyokatwakatwa na nguzo haiwezi kuifanya.

Lakini koti jembamba lina hatari yake, na hili ndilo jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema.

Fikiria nyumba ambayo ndani kuna nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 35. Hewa hiyo ikigusa kitu chenye nyuzi 5 au chini yake, inaanza kutoa maji, kama inavyofanya kwenye glasi ya maji baridi. Nje kuna nyuzi 5 chini ya sifuri. Ubao wa OSB usio na koti uso wake wa ndani utakuwa na nyuzi 3 hivi chini ya sifuri. Huo unalowa. Ukiufunika kwa povu la milimita 25 kwa nje, unapanda hadi nyuzi 2 na nusu. Bado unalowa, na sasa hauna njia nzuri ya kukauka kuelekea nje kwa sababu povu limeziba. Ukiuwekea milimita 50, unafika nyuzi 6, juu ya kiwango cha umande, na tatizo linakuwa halina pa kuanzia. Kwa hiyo katikati ya "hakuna koti" na "koti la kutosha" kuna bonde, na watu wengi wanaoongeza povu kidogo kwa nia njema wanaishia humo bondeni.

Kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi za Marekani zimelizingatia hili, na zinasema jambo linaloshangaza mara ya kwanza. Katika ukanda wao wa 6, wenye baridi, ukitaka kutegemea rangi ya kawaida kama kizuizi cha mvuke upande wa ndani, ukuta wa nguzo nyembamba unadai koti la nje lenye kipimo cha R (uwezo wa kuzuia joto) cha 7.5. Wa nguzo nene unadai 11.25. Nguzo nene, koti nene zaidi. Sababu ni kwamba kadiri unavyojaza pamba nyingi ndani ndivyo unavyouzuia ubao usipate joto la nyumba. Pamba inawatendea wema wakaaji huku ikiuacha ubao nje kwenye baridi. (Vipimo hivyo vya R ni vya Kimarekani. Vigawe kwa 5.68 upate vya kimataifa.)

Basi, tuzipitie njia zenyewe nikiwa na swali langu mkononi.

Njia iliyonivutia kwanza ni ubao pacha, yaani OSB iliyogandishwa na povu kiwandani ikawa karatasi moja. Inayojulikana zaidi ni ZIP System R-sheathing ya kampuni ya Huber: OSB ya milimita 11 kwa nje, yenye ngozi inayozuia maji, na povu gumu la plastiki liitwalo poliaiso kwa ndani, la milimita 13 hadi 51. Unasimamisha, unapigilia, unabandika tepu kwenye maungio, na kwa mkupuo mmoja umepata mkaza, koti, kinga ya mvua na kinga ya upepo. Kasi yake ni ya kweli na siidharau. Fundi mwenye watu wawili anaweza kuifunga nyumba kabla mvua haijarudi, na nyumba inayofungwa mapema ni nyumba inayoanza maisha ikiwa kavu.

Ila tazama mpangilio wake. Povu limekaa kati ya ubao na nguzo. Msumari unapaswa kuvuka povu kwanza ndipo uushike mti, na nyumba ikisukumwa na upepo, msumari huo unageuka wenzo unaopinda ndani ya povu laini. Kwa hiyo nguvu ya kuzuia kuyumba inapungua kadiri povu linavyonenepa, na mtengenezaji mwenyewe anadai misumari mirefu zaidi iliyokaribiana zaidi. Penye upepo mkali au matetemeko, hesabu hiyo ni ya mhandisi. Na kwa swali langu, jibu ni kwamba ubao unaobeba uko nje, kwenye baridi kabisa. Niseme kwa haki: hewa ya ndani haiugusi moja kwa moja, kwa sababu inakutana kwanza na uso wa povu, ambao una joto zaidi. Hiyo ni kinga kubwa. Lakini kinga hiyo inategemea maungio yasiyo na upenyo, na ubao wenyewe unategemea nafasi ya hewa nyuma ya mbao za nje ili ukauke. Ukuta wa aina hii ukijengwa kwa makini unadumu. Ukijengwa kwa haraka, ile haraka iliyoufanya ununuliwe, sina imani nao.

Ipo pia jamii ya karatasi nyembamba za nyuzi zilizogandishwa kwa tabaka, zenye povu mgongoni. Ni nyepesi, mtu mmoja anazibeba mbili kwa mkono mmoja. Zinatimiza kazi ya mkaza pale zinapopigiliwa sawasawa na maelekezo. Tatizo langu nazo ni dogo lakini linarudi kila siku: hazishiki msumari wa mbao za nje, kwa hiyo kila kitu lazima kifuate nguzo, na fundi akiikosa nguzo kwa milimita 10 hakuna kitu nyuma yake.

Njia ya pili ni kutenganisha kazi. OSB au plaiwudi ya kawaida inapigiliwa moja kwa moja kwenye nguzo, ambapo msumari unashika kwa nguvu zake zote. Juu yake karatasi ya kuzuia maji, na juu ya hiyo koti, kisha papi za mbao zinazofungwa kwa skrubu ndefu kupitia koti hadi kwenye nguzo, na mbao za nje zinapigiliwa kwenye papi hizo. Ubao umelala palipo na joto, chini ya blanketi. N. B. Hutcheon, mtafiti wa majengo, alieleza mpangilio wa namna hii Kanada mwaka 1964, akizungumzia kuta za matofali: kinachobeba kiwe ndani, kinachozuia joto kiwe nje yake. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado tunaufanya mjadala kana kwamba ni mpya.

Hapa mwenye nyumba anachagua koti, na kila koti lina tabia yake. Polistirini nyeupe ya punje ni ya bei ndogo na hupitisha mvuke kidogo. Ile iliyokandamizwa, ya rangi ya samawati au waridi, huzuia joto zaidi na hainywi maji kirahisi. Lakini kwa miaka mingi ilivimbishwa kwa gesi ya HFC-134a, ambayo hupasha joto dunia mara 1,430 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Sasa gesi zenye madhara madogo zinatumika, na inafaa kuuliza kabla ya kununua. Poliaiso ndiyo yenye namba kubwa kwenye karatasi, lakini namba hiyo hupimwa kwenye joto la wastani la nyuzi 24. Baridi ikikaza, uwezo wake unashuka, yaani unapungua wakati ule ule unapouhitaji.

Pamba ya mawe ndiyo niliyoipenda. Ni mawe yaliyoyeyushwa yakasokotwa kuwa nyuzi, huhimili zaidi ya nyuzi 1,000 bila kuyeyuka, hairuhusu moto kusafiri, na mvuke hupita ndani yake kana kwamba haipo. Kwa hiyo lile bonde la koti jembamba halina ukali uleule: hata ubao ukilowa, unakauka kuelekea nje. Dosari yake ni kwamba inabonyea. Kuzinyoosha papi juu yake kunataka mkono mtulivu na uzi, na siku ya kwanza ukuta wangu ulikuwa na mawimbi. Tulifungua skrubu zote tukaanza upya.

Suala la moto sikulipa uzito wake mpaka nilipokumbuka jengo la Grenfell, London, usiku wa tarehe 14 Juni 2017, watu 72 walipofariki. Nje ya jengo lile kulikuwa na paneli za alumini zenye plastiki katikati, na nyuma yake, pamoja na nafasi ya hewa, povu la poliaiso. Nyumba ya ghorofa moja si mnara, na sitaki kumtisha mtu mwenye povu ukutani. Lakini nafasi ya hewa tunayoiacha ili ukuta ukauke ni bomba la moshi pia, na kinachopakana na bomba hilo si jambo dogo.

Njia ya tatu nilijifunza kutoka kwa wajenzi wa Ujerumani na Uswisi, nami naiona ndiyo yenye akili kuliko zote. Wao huichukua OSB ileile wakaipigilia upande wa ndani wa nguzo. Huko ndani inakuwa mkaza, na maungio yake yakishabandikwa tepu inakuwa pia ukuta wa kuzuia hewa na kupunguza mvuke, haiguswi na mvua wala baridi. Nje wanaweka mbao nene za nyuzi za mti, zinazopitisha joto kiasi cha wati 0.04 hivi, kama fiberglasi, zinazochomekana kwa ulimi na mfereji. Kanuni yao ni kwamba kila tabaka la nje lipitishe mvuke kirahisi kuliko la ndani yake. Mbao hizo ni nzito, zina unene, na kwa kawaida hazitegemewi kuwa mkaza. Kwa nyumba mpya ningeanza na njia hii. Kwa nyumba yenye watu ndani, kubomoa kuta zote za chumbani ili ubao uhamie ndani ni kuomba talaka.

Zile paneli za povu lililobanwa kati ya karatasi mbili za OSB nitazipitia kwa kifupi. Si mpya: maabara ya mazao ya misitu ya Madison, Wisconsin, ilikuwa ikijaribu nyumba za paneli zenye ngozi inayobeba mzigo tangu mwaka 1935. Zina nguvu sana. Udhaifu wake uko kwenye maungio. Kule Juneau, Alaska, mapema miaka ya 2000 paa za paneli hizo zilikutwa zimeoza kwenye maungio ya kileleni, kwa kuwa hewa ya ndani yenye unyevu ilipanda ikapenya hapo na kukutana na OSB ya nje iliyo baridi. Ugonjwa ni uleule wa ukuta wangu.

Na usidhani ubao usio wa mti unakuokoa. Denmark, katika miaka ya 2010, majengo mengi yalifungwa kwa mbao za oksidi ya magnesi kama kinga ya upepo. Haziozi, haziungui, zilionekana jibu la kila kitu. Majira ya baridi yalipofika zikanyonya unyevu wa hewa, zikaanza kutoa machozi ya maji ya chumvi, na chumvi hiyo ikala misumari na kuozesha mbao za jirani. Kila ubao una tabia yake na maji, na tabia hiyo haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye tangazo.

Wenye kuishi penye joto na unyevu mwingi wayageuze haya: kwao mvuke husukuma kutoka nje kwenda ndani, na nailoni nyuma ya jipsamu ya chumba chenye kiyoyozi ndiyo mtego. Penye mchwa, povu lisifike ardhini, kwa sababu mchwa hupanda ndani yake bila kuonekana.

Baada ya haya yote, kilichouozesha ukuta wangu zaidi kilikuwa mvua. Dirisha lilikuwa halina kinga chini yake. Maji yaliingia kwenye kona ya kizingiti kila mvua ilipopigwa na upepo, yakakaa, na ukuta haukuwa na upenyo wa kuyatoa. Vancouver, Kanada, walilipia somo hili kwa maelfu ya nyumba za ghorofa zilizojengwa miaka ya 1980 na 1990, mpaka serikali ya jimbo ikaunda tume ya uchunguzi mwaka 1998 chini ya Dave Barrett, aliyewahi kuwa kiongozi wa serikali ya jimbo hilo. Nyumba zile zilikuwa mpya, zimefungwa vizuri, zisizopumua, na maji yaliyoingia hayakupata mlango wa kutokea. Ndiyo maana koti lolote utakalochagua, nakusihi uliweke na papi na nafasi ya hewa mbele yake, na chini ya kila dirisha ukunje karatasi ya kuzuia maji iwe kama sinia lenye mwinamo wa kwenda nje. Kona za sinia hilo tulizirudia mara tatu. Shemeji alinimwagia kikombe cha maji pale kila mara, akasubiri, akatazama.

Tulifanya ukuta wa magharibi hivi: plaiwudi badala ya OSB, kwa sababu kwenye ndoo yangu kingo za OSB zilivimba na hazikurudi, ilhali plaiwudi ikilowa hufungua njia zaidi ya mvuke na kukauka mapema. Milimita 3 za nafasi kati ya karatasi na karatasi. Karatasi ya kuzuia maji iliyobandikwa tepu, pamba ya mawe ya milimita 75, papi, mbao za nje. Kabla ya kufunga niliacha skrubu mbili ndogo za kupimia unyevu kwenye plaiwudi, zenye waya unaotokea ndani nyuma ya kabati, na nyingine mbili kwenye ukuta wa kaskazini ambao hatukuugusa.

Majira ya baridi ya pili yalipokuwa yanaisha nilipima. Magharibi asilimia 11. Kaskazini asilimia 22. Nilimpigia shemeji simu nikamsomea namba zote mbili. Akauliza tu dirisha la kaskazini lina upana gani, ili ajue akate karatasi ngapi.